Beryl Markham: Binti wa Njoro aliyekubali kuwa mwanagenzi tena na tena

Ukipanda matatu ya Njoro kutoka Nakuru mjini, baada ya kuiacha barabara kuu ya kwenda Eldoret unaingia kwenye mashamba ya ngano na mahindi, huku msitu wa Mau ukionekana kwa mbali. Abiria wengi huwa ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Egerton, visikizi masikioni, kila mmoja na ndoto yake. Huenda wewe ni mmoja wao.

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, kwenye mashamba hayo hayo, kulikuwa na msichana wa Kizungu aliyekuwa akikimbia peku na watoto wa Kinandi na Kikipsigis, mkuki mkononi, akijifunza kuwinda. Jina lake lilikuwa Beryl Clutterbuck. Dunia ilikuja kumjua kama Beryl Markham.

Ukimtafuta kwenye intaneti utaambiwa alikuwa rubani. Ni kweli, lakini hiyo ni robo tu ya hadithi. Alikuwa mkufunzi wa farasi wa mbio, kisha rubani, kisha mwandishi wa kitabu, kisha akarudi tena kwa farasi na kushinda kuliko alivyokuwa ameshinda ujanani. Maisha yake yanatufaa leo kwa sababu ya ugonjwa mmoja unaowapata sana vijana waliofanikiwa mapema.

Ugonjwa wenyewe unaujua. Kuna yule jamaa aliyeongoza darasa tangu shule ya msingi, akapata A, akaingia chuo, akapata kazi nzuri Nairobi. Kila mtu kijijini anamtaja. Halafu miaka mitano inapita, kumi inapita, na bado anasimulia ile A. Hajafeli wala hajafukuzwa kazi. Amekwama tu. Anafanya kile anachokijua, anakifanya vizuri, watu wanapiga makofi, na kwa sababu makofi yapo haoni haja ya kujaribu kitu ambacho kitamfanya aonekane mjinga.

Aliyeshindwa ana sababu ya kubadilika, maana njaa inamsukuma. Aliyefaulu hana anayemsukuma. Mafanikio yake yenyewe ndiyo yanayomfunga kamba. Sasa tazama jinsi Beryl alivyoikata hiyo kamba, na pia gharama aliyolipa. Sitakuficha upande wowote.

MALEZI YA NJORO

Beryl alizaliwa Uingereza tarehe 26 Oktoba 1902. Akiwa na miaka kama minne hivi, familia yake ilihamia Kenya, wakati huo ikiitwa British East Africa. Babake, Charles Clutterbuck, alikuwa fundi wa farasi. Alianza kwa kumfanyia kazi Lord Delamere, yule mlowezi mkubwa wa Njoro, kisha akapata shamba lake mwenyewe huko huko, akajenga vinu vya kusaga unga na kiwanda cha mbao.

Mamake hakuyaweza maisha yale. Alirudi Uingereza na kakake Beryl, na msichana akabaki na baba. Baba alikuwa na kazi tele, kwa hivyo malezi ya Beryl yalikuwa mikononi mwa wafanyakazi wa shamba na familia zao. Alijifunza Kiswahili na Kinandi akiwa bado mdogo. Rafiki yake mkubwa alikuwa mvulana aitwaye Kibii, mwana wa arap Maina, mwindaji aliyewafunza watoto hao wawili kusoma nyayo za wanyama na kukaa kimya porini. Arap Maina alikuja kwenda Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia na hakurudi.

Beryl alipelekwa shule Nairobi, lakini hakukaa. Masomo yake ya kweli yalikuwa kwenye mabanda ya babake. Kabla jua halijachomoza alikuwa tayari huko, akisugua farasi, akikagua kwato, akitazama ni yupi hajala vizuri usiku. Alipokuwa bado mtoto alimsaidia farasi jike mmoja kuzaa, na babake akampa yule mwanafarasi awe wake. Akamwita Pegasus.

Ona hapo jambo moja. Hakuna aliyemkalisha darasani akamfundisha ufugaji. Aliingizwa kwenye kazi, akaonyeshwa, akakosea, akarudia. Hiyo tabia ya kujifunza kwa mikono ndiyo ilikuja kumbeba maisha yake yote.

Halafu mambo yakaharibika. Babake alikuwa ametia saini mikataba ya kuuza unga kwa bei iliyowekwa mapema. Ukame ukaja, bei ya nafaka ikapaa, naye akalazimika kununua ghali na kuuza rahisi ili atimize ahadi. Karibu mwaka wa 1920 shamba likapotea. Clutterbuck akafunga virago akaenda Peru kuanza upya na farasi wa watu wengine.

Wakati huo Beryl alikuwa hajatimiza miaka 20. Tayari alikuwa ameolewa na mkulima jirani, Jock Purves, ndoa ambayo haikudumu. Shamba la utotoni halikuwepo tena, na baba alikuwa ng'ambo ya bahari. Alichobaki nacho ni ujuzi wa mabandani.

MKUFUNZI WA UMRI WA MIAKA 18

Akachukua leseni ya ukufunzi wa farasi wa mbio akiwa na umri wa miaka 18 hivi, mwanamke wa kwanza nchini kuipata. Akafanya kazi Molo kwenye baridi ile unayoijua, akafanya kazi Nakuru, akijenga jina farasi mmoja baada ya mwingine. Wanaume wenye pesa walimtazama kwa shaka. Mtoto huyu, tena msichana, atatufunzia farasi wa maelfu ya pauni?

Kisa kimoja alichokisimulia mwenyewe baadaye kinaonyesha alivyokuwa. Mwaka wa 1926 alikuwa akimwandaa farasi mmoja hodari, Wrack, kwa mbio kubwa za St Leger za Nairobi. Majuma machache kabla ya mbio, mwenye farasi akaingiwa na wasiwasi, akamnyang'anya na kumpa mkufunzi mwingine. Kazi yote ya miezi ikaenda na mtu mwingine.

Beryl akapewa farasi jike, Wise Child, ambaye kano za miguu zilikuwa zimeumia kwa sababu ya kukimbizwa kupita kiasi. Wengine walishamkatia tamaa. Beryl akamchukua polepole, akamfanyisha mazoezi mahali penye udongo laini, akampumzisha alipohitaji kupumzika. Siku ya mbio Wise Child akamshinda Wrack, yule yule farasi ambaye Beryl mwenyewe alikuwa amemwandaa.

Kijana, mtu yeyote angeridhika hapo. Ana miaka 23, jina lake liko kila mahali, wale waliomdharau wanamtafuta. Ni wakati wa kukaa na kula matunda, siyo?

KUANZA KAMA ASIYEJUA KITU

Kwenye kumbukumbu zake Beryl anasimulia kwamba alikutana na Tom Campbell Black kwenye barabara ya Molo, gari la Black likiwa limeharibika. Black alikuwa rubani. Alikuja kuwa rubani mkuu wa Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka wa 1929 na mwanamke aitwaye Florence Kerr Wilson. Ndiyo, ule uwanja wa ndege wa Wilson unaoupita ukienda Lang'ata umepata jina kutoka hapo.

Baadaye, Black ndiye aliyemfundisha Beryl kurusha ndege. Hebu fikiria hali yenyewe. Huyu ni bingwa. Kwenye mbio za farasi watu wanamwamkia kwa heshima. Halafu anaketi kwenye ndege ndogo ya viti viwili, upepo ukimpiga usoni, na hajui lolote. Anaambiwa shika hapa, achia pale, umepinda, rudia. Mwalimu wake alimwachia akosee kwanza, kisha akamwonyesha kosa.

Watu wengi waliofaulu hushindwa na hatua hiyo, na si kwa kukosa akili. Wanaogopa kuonekana hawajui. Meneja aliyeajiriwa kwa ustadi wa mahesabu hataki kumuuliza kijana wa atachimenti jinsi ya kutumia programu mpya. Msanii aliyevuma kwa wimbo mmoja hataki kwenda darasani kusoma noti za muziki. Mkimbiaji aliyeshinda medali hataki kusikia habari za kusomea biashara. Kila mmoja analinda jina, na jina linageuka ngome ambayo yeye mwenyewe hawezi kutoka.

Mwaka wa 1931 Beryl akapata leseni yake ya kwanza. Mwaka huo huo rafiki yake Denys Finch Hatton alikufa ndege yake ilipoanguka Voi, hivyo usidhani kwamba hakujua hatari ya mchezo aliouingia. Hakuacha. Mwaka wa 1932 akairusha ndege yake ndogo peke yake kutoka Kenya hadi Uingereza.

Kisha akarudi shule tena. Leseni ya kwanza ilimruhusu kuruka kwa raha zake tu. Ili alipwe, alihitaji ya pili, na hiyo ilitaka ajue injini, ajue ramani na dira, ajue kurekebisha mashine akiwa mahali pasipo na fundi. Alisoma, akapaka mikono oili, akaipata mwaka wa 1933. Hakuna mwanamke mwingine Kenya aliyekuwa nayo.

Akaanza kuhangaika na kazi. Alibeba barua, dawa na abiria. Usiku mmoja alipeleka hewa ya oksijeni kwa mgonjwa kwenye kambi ya wachimba dhahabu huko Nungwe, Tanganyika. Alitafuta ndovu kutoka angani kwa niaba ya wawindaji matajiri, kazi ambayo leo tungeilaani, na hata wakati ule Tom Campbell Black alimwonya aiache kwa sababu ya hatari yake.

Jambo la kushika hapa ni kwamba hakuanza kutoka sufuri kabisa, ingawa ilionekana hivyo. Mkono uliozoea kuhisi hofu ya farasi kupitia hatamu ndio uliojifunza kuhisi ndege ikianza kupoteza nguvu. Jicho lililofunzwa na arap Maina kusoma nyasi zilizolala ndilo lililosoma mabonde na mito kutoka juu. Wewe pia ukibadilisha njia, hutupi ulichokuwa nacho. Kitakuja kukufaa mahali usipotarajia.

SAA 21 JUU YA BAHARI

Sasa tufike mwaka wa 1936. Wakati huo watu walikuwa wameshavuka Atlantiki kwa ndege, lakini wengi wao walitoka Marekani kuja Ulaya, upepo ukiwasukuma kwa nyuma. Amelia Earhart alivuka peke yake kwa njia hiyo mwaka wa 1932. Kutoka Uingereza kwenda Marekani ni kupigana na upepo usoni usiku kucha, na mafuta yanaisha haraka zaidi. Hakuna mwanamke aliyekuwa amefaulu peke yake.

J.C. Carberry, mlowezi wa Nyeri, alikuwa akitengenezewa ndege mpya ya aina ya Vega Gull. Akakubali kumwazima Beryl aende nayo, kwa sharti airudishe mapema kwa sababu aliitaka kwa mashindano ya kwenda Johannesburg mwezi huo huo. Viti vya abiria viliondolewa, matangi ya ziada ya mafuta yakawekwa.

Jioni ya tarehe 4 Septemba 1936 akapaa kutoka Abingdon, Uingereza. Mvua, mawingu, giza. Usiku kucha hakuona kitu isipokuwa taa za mbele yake. Injini ilizima tangi moja lilipokwisha, naye akatafuta swichi ya tangi jingine gizani huku ndege ikishuka kuelekea majini. Ikawaka. Baada ya takriban saa 21, alipokwisha kuiona nchi kavu, injini ikaanza kukohoa tena. Barafu ilikuwa imeziba njia ya hewa ya tangi la mwisho, na mafuta hayakushuka.

Hakufika New York alikokusudia. Ndege ilishuka kwenye kinamasi huko Cape Breton, Kanada, pua ikazama kwenye tope, naye akaumia kichwa. Alitoka akitembea kwa miguu yake. Kwa hesabu yake, alikuwa ameshindwa. Kwa hesabu ya dunia, alikuwa mwanamke wa kwanza kuruka peke yake bila kusimama kutoka Uingereza hadi Amerika Kaskazini. New York ilimpokea kama malkia.

Siku kumi na tano baada ya yeye kupaa, tarehe 19 Septemba, Tom Campbell Black, mwalimu wake, aliuawa kwenye ajali uwanjani huko Liverpool. Furaha ya Beryl ikageuka majonzi mara moja.

KILELE, KISHA BONDE

Wacha nikuambie ukweli ambao hadithi nyingi za mafanikio huuruka. Baada ya kilele kile, mambo hayakupanda tena moja kwa moja. Beryl alihamia Marekani, akaishi California, akaandika kitabu kuhusu maisha yake, West with the Night, kilichotoka mwaka wa 1942. Wakosoaji walikisifu. Lakini dunia ilikuwa vitani, wanunuzi wakawa wachache, na kitabu kikapotea madukani. Baadaye wengine walidai kwamba mumewe wa tatu, mwandishi Raoul Schumacher, ndiye aliyekiandika au kukipiga msasa sana. Mabishano hayo yapo hadi leo.

Ndoa hiyo pia ilivunjika. Pesa zikaisha. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Beryl alikuwa na umri wa karibu miaka 47, bila ndege, bila shamba, bila jina linalolipa kodi ya nyumba. Watu walimkumbuka kwa usiku mmoja wa mwaka wa 1936.

Angeweza kuishi akiusimulia usiku ule hadi kufa. Huyo ndiye yule jamaa wa A tuliyemtaja mwanzoni. Badala yake akarudi Kenya, akarudi kwenye mabanda. Alikuwa ametoka kwenye mchezo ule kwa takriban miaka 20. Farasi walikuwa wengine, wakufunzi wengine, na vijana walioshinda mbio hawakumjua. Akaamka tena kabla ya jua, akaanza na farasi wachache.

Katika miaka ya 1950 na 1960, akifanya kazi kwa miaka kadhaa karibu na Ziwa Naivasha, akawa mkufunzi aliyeogopwa zaidi nchini. Alishinda mbio za Kenya Derby mara sita, na mara tano akawa mkufunzi bora wa msimu. Yule binti wa Wise Child alikuwa mzuri, lakini huyu mama wa miaka 50 na zaidi alikuwa mzuri zaidi. Kuna kukua kwa kuhamia jambo jipya, na kuna kukua kwa kurudi kwenye jambo la zamani ukiwa na macho mapya. Yeye alifanya yote mawili.

GHARAMA

Sasa upande wa pili, maana sitaki uondoke hapa ukidhani nimekuletea malaika.

Beryl aliolewa mara tatu na ndoa zote tatu zikavunjika. Mwanawe wa pekee, Gervase, aliyezaliwa mwaka wa 1929, alilelewa Uingereza na nyanyake mzaa baba. Mama alikuwa angani au mabandani. Pesa hakuzijua kabisa. Alizipata na kuzitumia siku hiyo hiyo, na uzeeni aliishi kwenye nyumba ndogo aliyopewa karibu na uwanja wa mbio wa Ngong, akisaidiwa na marafiki. Kwa hivyo mtu akikuambia kukua ni kuacha kila kitu na kila mtu nyuma, mwambie kuna mwanamke wa Njoro aliyejaribu, na bili ikaja.

Na kuna jambo jingine zito zaidi. Mkumbuke Kibii. Watoto wale wawili walifunzwa na mwindaji mmoja, walikimbia mbio zile zile, walishika mikuki ya aina moja. Kibii alipotahiriwa na kuwa mtu mzima aliitwa arap Ruta. Alirudi kufanya kazi na Beryl, lakini sasa kama mfanyakazi wake. Rafiki aliyekuwa akikimbia kando yake akawa anatembea nyuma yake. Alitunza farasi wake Molo na Nakuru. Beryl alipohamia ndege, Ruta naye alihama, akajifunza kuihudumia ndege kama alivyomhudumia farasi.

Jiulize. Ruta alikubali kuwa mwanagenzi mara ngapi? Mara zile zile. Alitoka porini akajifunza farasi, akatoka kwa farasi akajifunza injini. Lakini hakuna aliyempa leseni. Ardhi ya Njoro ilikuwa imetolewa kwa walowezi, na sheria za wakati huo ziliwazuia Waafrika kumiliki mashamba kwenye nyanda zilizotengewa Wazungu. Beryl alikuwa na bidii, hakuna ubishi. Pia alikuwa na mlango uliokuwa wazi, na Ruta aligonga ukuta.

Nasema haya si kwa sababu ya kumpunguzia Beryl sifa. Nasema kwa sababu wewe unayesoma haya leo, ukiwa Kaptembwo, Lanet, Gilgil au Molo, mlango ambao Ruta alifungiwa huenda uko wazi mbele yako. Haufunguki kwa urahisi, najua, karo ipo na kazi hazipo. Lakini hakuna sheria inayosema kwamba mtoto wa Njoro hawezi kuwa rubani. Kukaa tu na kile ulichokwisha kushinda wakati mlango uko wazi ni hasara ambayo Ruta hakuwa na nafasi ya kuichagua.

MWISHO ULIOCHELEWA

Mwaka wa 1982 hivi ungemkuta Beryl pale Ngong, mzee, mkali, bado akifunza farasi wachache. Huko California mmiliki mmoja wa mkahawa, George Gutekunst, alikuwa amesoma barua ya zamani ya Ernest Hemingway. Ndani yake mwandishi huyo maarufu alimsifia Beryl kwa uandishi, akikiri kwamba kitabu chake kilimfanya yeye mwenyewe ajione mdogo. Gutekunst akakitafuta kitabu, akakipenda, akawashawishi wachapishaji. Mwaka wa 1983 kikatoka upya, na safari hii kikauzwa sana. Miaka 41 baada ya kuandikwa, kikamletea pesa za kula.

Beryl alifariki Nairobi tarehe 3 Agosti 1986, akiwa na miaka 83. Ulikuwa umebaki mwezi mmoja tu kabla ya maadhimisho ya miaka 50 ya safari yake ya Atlantiki. Leo kuna shimo kwenye sayari ya Zuhura lililopewa jina lake. Njoro yenyewe, ukimuuliza mtu wa bodaboda, huenda asimjue.

Basi ukiwa na jambo unalolifanya vizuri, lishukuru, lakini usilifanye kitanda. Jiulize ni lini mara ya mwisho ulikaa mbele ya mwalimu ukiwa hujui kitu, ukakosea, ukacheka, ukarudia. Ikiwa ni zaidi ya mwaka, huenda umeanza kukwama bila kujua, hata kama makofi yanaendelea. Si lazima uache kazi kesho. Beryl alijifunza kuruka akiwa bado anajulikana kama mtu wa farasi. Tafuta jambo moja, tafuta anayelijua kukuzidi hata kama ni mdogo wako, mwambie akufundishe.

Na ukiwa njiani, weka akiba kidogo, mpigie mamako simu, na umtazame anayekushikia ngazi unapopanda. Huenda naye anaweza kupanda, ila hakuna aliyewahi kumuuliza.